Mshipa wa Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili lilikuwa la binti yangu. Nyuma kuna jedwali la kuzidisha, na mimi naanzia ukurasa ambao hesabu zilimshinda akachora maua. Mimi mwenyewe niliishia darasa la sita. Si kwa ujinga: mwalimu wa la saba alikuwa ananiogopa.

Ninaandika kwa amri ya mama wa tiba ya viungo kule hospitali. Amesema kila siku niandike mkono wangu wa kulia unavyokuwa: ganzi ni ya saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, nimeangusha nini. Sijazoea kuamriwa na mwanamke zaidi ya mmoja, lakini huyu ana macho ya hakimu.

Shida ni hii. Kwa miezi miwili sasa vidole vitatu na nusu vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Dole gumba, cha shahada, cha kati, na upande mmoja wa cha pete. Usiku ndio mbaya zaidi. Naamka naukung'uta mkono kama mtu aliyeshika chungu cha moto. Mama wa viungo akauliza, na kidole cha mwisho je? Nikamwambia hicho kizima kabisa, hata masikio nachokonolea. Akacheka, akasema kidole hicho ndicho shahidi, maana kina mshipa wake peke yake, hakipiti njia moja na wenzake.

Akaniambia nigeuze mikono, migongo ya viganja igusane, vidole vitazame chini, nikae hivyo dakika moja. Hakufika thelathini katika kuhesabu, siafu wakaanza kutembea vidoleni. Akanieleza. Pale kwenye kifundo cha mkono kuna kichochoro chembamba. Chini ni mifupa, juu ni utepe mgumu. Humo ndani zinapita kano tisa za kukunjia vidole, na katikati yao mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikivimba kwa kazi, mshipa unabanwa ukutani kama mwembamba kwenye foleni ya wanene.

Kisha akataka nimwonyeshe ninavyoshika mashine ya kunyolea. Hapo nikavimba kichwa. Mtindo wangu unaitwa shingo ya bata: kiwiko juu, kifundo kimekunjwa chini, mashine inaning'inia na kupita kichwani kama bata anayekunywa maji. Watu wameacha vinyozi wa mtaani kwao wakaja kuutazama. Bwana harusi mmoja nilimnyoa hivyo juu ya lori linalotembea, na nywele hata moja haikuzidi nyingine. Yule mama akautazama muda mrefu, akasema:

"Baba, huo ndio unaokuua. Kila ukikunja hivyo, unakiziba kichochoro kwa mkono wako mwenyewe."

Nikamjibu kwamba mtindo wa miaka ishirini na sita hausahihishwi na mtu ambaye hajawahi kushika mashine. Walipima sukari pia, maana huwa inaleta mambo haya. Sukari hakuna, damu yangu ni ya simba tangu zamani. Akanipa gango la kitambaa lenye bati ndani, nilifunge kila nikilala ili kifundo kikae kimenyooka. Mchana nipumzishe mkono kila baada ya vichwa viwili, nipunguze kukunja, na nirudi baada ya wiki sita. Nikiona nyama ya shina la dole gumba inapungua, nisingoje hizo wiki.

Jumanne, 5 Machi

Nimelala na gango. Sikuamka hata mara moja. Sitamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua imeanza. Leo nimwandike mwanyumba, maana mkono haupati nafuu moyo ukiwa umekunjamana.

Mwanyumba ni mume wa mdogo wake mke wangu. Alikuwa seremala, karakana yao ilifungwa mwaka jana, na mimi kwa huruma yangu nikampa kazi. Banda langu la kunyolea lina viti viwili. Changu kipo mlangoni, kwenye mwanga, kila anayepita anaona kazi. Chake kipo ndani karibu na sinki. Juu ya mlango nimeandikisha kibao: MKONO WA HARIRI. Mkono huo ni wangu, si wake.

Nilimfundisha mwenyewe. Shingo ya bata ilimshinda. Anashika mashine kifundo kikiwa kimenyooka kama rula, anasukuma mkono mzima kutoka begani, utadhani anapiga randa. Nimemcheka mwaka mzima, na wateja nao nimewafundisha kucheka. Leo watu wanne wamenipita mlangoni, wakasema "shikamoo Mjomba" kwa adabu zote, kisha wakaenda kukaa kwake. Kiti changu kitupu, kinatazama mvua.

Kwangu sita. Kwake kumi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeaibika kwa namna ambayo hata mimi, ninayejua kutunga, nisingeitunga.

Nilifika kazini nikakuta mto juu ya kiti changu. Mto laini, wa maua. Nikauliza wa nani. Fundi Saa, jirani yetu anayetengeneza saa kwenye kibanda cha pembeni, akaja taratibu kama mtu anayeingia msibani. Akanishika bega, akasema yeye pia alikuwa nao, nisione haya mbele ya mtu mzima mwenzangu, siku hizi wanapasua na unapona, muhimu nisinyanyue vitu vizito na nivae kaptula za kubana.

Nikamwambia, Fundi, unasema nini? Akajibu, "Mshipa, Mjomba. Tumesikia."

Nikaelewa. Jumatatu nilimwambia mke wangu kwamba daktari kasema nina mshipa umebanwa. Yeye akamwambia mdogo wake kwenye simu kwamba shemeji yako ana mshipa. Na mtu akishasema fulani ana mshipa, nani anafikiria mkono? Wote wanashuka chini ya mkanda. Mdogo mtu akamwambia mumewe, mwanyumba akanunua mto, na hadi saa tatu asubuhi mtaa mzima ulikuwa unaniangalia suruali.

Nilifungua kinywa niwaambie ni mkono. Kisha nikamwona mteja kwa mwanyumba amelaza kichwa nyuma, koo limepakwa povu, wembe unashuka. Kinywa kikafunga chenyewe. Mwanamume mwenye mshipa wa kule atachekwa wiki mbili, yataisha. Lakini kinyozi mwenye mkono wa ganzi, nani atampa koo?

Nikakaa juu ya mto. Nikakaa kwa shida, nikitoa pumzi.

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu ameniuliza kwa nini natembea miguu mbalimbali. Nimemwambia nawafurahisha majirani. Akasema, "Ungemwambia tu mwanyumba wako ukweli, akusaidie kazi za wembe. Ni mtu mtulivu yule."

Mtulivu. Jiwe nalo ni tulivu.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Kwangu tano, kwake kumi na moja. Vifungo vya shati nimefungwa na mke wangu. Nimelala na gango, mkono mzuri hadi mchana.

Ijumaa, 15 Machi

Kwangu nne. Nimeiangusha mashine. Nikasema mvua imelowesha mpini. Mwanyumba akaiokota, akaifuta, akaniwekea mezani bila neno. Nachukia mtu asiyesema neno. Hujui ameweka nini ndani.

Jumatatu, 18 Machi

Msiba juu ya msiba. Maji yameingia nyumbani kwa mwanyumba hadi magotini, na mke wangu, bila kuniuliza, amewaita wahamie kwetu mpaka mvua ipungue. Wanalala sebuleni, pazia tu linatutenganisha. Mwanyumba hajamaliza saa moja ndani ya nyumba yangu, amekaza bawaba ya mlango wa jikoni niliyoahidi kuikaza tangu binti yangu hajajua kutembea. Mke wangu ameufungua na kuufunga mlango ule mara sita. "Sikia," ananiambia, "haulii." Nimesikia.

Gango nimelificha chini ya godoro. Siwezi kulivaa wakipita na kuniona nimefungwa mkono. Nitajibu nini, kwamba mshipa wa kule umepanda hadi huku?

Alhamisi, 21 Machi

Bila gango. Nimeamka mara nne kuukung'uta. Meza ya chakula haiyumbi tena, kaitengeneza yeye. Kwangu nne, kwake kumi na tatu.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimemchunguza kwa makusudi, kama askari. Nimegundua kitu. Wanaokuja kupunguza nywele kwa mashine anawaacha waje kwangu. Lakini wa kunyoa ndevu kwa wembe, akimwona tu mtu anajishika kidevu, anasimama kabla yangu, anakung'uta shuka, anamwambia, "Karibu huku, Mjomba kachoka kidogo." Nimelisikia kwa masikio yangu. Mjomba kachoka. Wembe ndio heshima ya kinyozi. Mashine hata kipofu ataendesha. Ananivua heshima kipande kipande kama anayemenya yai.

Nilimwambia mke wangu. Akasema labda kweli nimechoka. Nikageukia ukuta.

Jumanne, 26 Machi

Kwangu tatu. Kikombe kimenitoka mkononi mbele ya wote mezani. Shemeji akasema, "Pole shemeji, huo mshipa unakutesa." Binti yangu akatoka nje kwenda kucheka.

Jumamosi, 30 Machi

Nimeweka viganja viwili juu ya meza sambamba nikavitazama. Kwenye shina la dole gumba, kushoto kuna kilima, kulia kilima kimeanza kuwa bonde. Nikajiambia ni mwanga wa taa. Nikazima taa.

Jumatano, 3 Aprili

Hiki lazima nikiandike leo hii, na nikiandike kama kilivyokuwa, bila chumvi.

Saa nne asubuhi aliingia Mwalimu Mstaafu. Huyu ni mteja wangu tangu kiti changu kilipokuwa kigoda. Ndevu zake nimezinyoa zikiwa nyeusi, nimezinyoa zikichanganyika, nazinyoa sasa zikiwa pamba. Mwanyumba akasimama mbio, akakung'uta shuka, akasema karibu huku Mwalimu. Nami nikaruka kutoka kwenye mto, nikasahau hata kuchechemea, nikamshika mzee mkono nikamkalisha kwangu. Nikamwambia mwanyumba kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba wezi wengine huiba kuku, wengine huiba vichwa. Alibaki amesimama na shuka.

Nikapaka povu. Nikaweka wembe mpya. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine, lakini nikasema macho yatafanya kazi ya vidole. Nikakunja kifundo, shingo ya bata, ili yule aone. Shavu la kulia lilikwenda vizuri. Nikashuka chini ya sikio. Hapo kinyozi haongozwi na macho. Anaongozwa na dole gumba linalovuta ngozi na kidole cha shahada kinachosikia uzito wa wembe. Mimi sikusikia uzito wowote. Nilidhani wembe uko hewani.

Nikaona povu linakuwa jekundu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa hajasikia. Alikuwa ananisimulia habari za mjukuu wake. Mwanyumba alishafika. Alibonyeza pale taulo safi kwa kiganja, na kwa mkono wa pili akauchukua wembe kutoka kwangu, na mimi nikauachia kama mtoto anayenyang'anywa kisu. Kidonda hakikuwa kirefu. Kilikuwa urefu wa ukucha. Lakini mahali kilipokuwa, nusu ya ukucha tena na ningekuwa naandika haya mahabusu.

Damu ilipokata, Mwalimu akajitazama kwenye kioo, kisha akanitazama mimi.

"Mjomba," akasema, "huo mshipa wako ni wa wapi, unaokata watu shingo?"

Nikawaambia. Mbele ya Fundi Saa aliyekuja kuchungulia, mbele ya wateja wawili waliokuwa kwenye benchi. Nikasema ni mkono, haukuwa kule kamwe, vidole vitatu na nusu havisikii, na nimewaficha mwezi mzima. Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akafunga kola yake, akasema nikapone kwanza, na akaelekea nje. Alipofika mlangoni alisita kidogo, akaangalia mvua, akarudi, akakaa kwenye kiti cha mwanyumba amaliziwe shavu la kushoto.

Nimenyoa watu miaka ishirini na sita. Sijawahi kuona kitu kikiniuma kama kumwona amekaa pale.

Baadaye tulibaki wawili. Nikamwambia mwanyumba, haya, umepata ulichokuwa unakitaka, wiki tatu unanivutia wateja. Akafuta wembe. Akasema, "Nilikuwa nawavuta wa wembe tu, kaka. Wa mashine walikuwa wanakuja wenyewe."

"Kwa hiyo ulijua."

"Wiki mbili sasa. Mtu mwenye mshipa wa kule hakung'uti mkono. Wewe kila mara unatembea kwa kuchechemea huku unakung'uta mkono."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, ungesema nataka kiti chako. Nikamuuliza, na unakitaka? Nilitaka aseme hapana, ili nimwite mwongo.

Akauweka wembe mezani. "Nakitaka. Nani hataki kiti cha mlangoni? Ila si kwa shingo ya Mwalimu."

Alhamisi, 4 Aprili

Mama wa viungo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alibonyeza bonde la dole gumba langu, akauliza gango limekaa wapi. Nikasema chini ya godoro. Akaandika. Nilimwonyesha daftari hili. Alisoma, na alipofika pale kwenye mto akatoka nje kidogo, akarudi amejipangusa macho. Ananipeleka kwenye mashine ya kupima umeme wa mshipa. Amesema mwanzoni gango na kupumzika hutosha kwa wengi, wengine huchomwa sindano ya kutuliza uvimbe, lakini nyama ikishaanza kuisha hakuna tena muda wa kubembeleza.

Jumatano, 10 Aprili

Kipimo kimesema mshipa unapitisha habari kama mtu mvivu aliyetumwa dukani. Wanapasua tarehe 22. Nalala na gango wazi sasa, wa sebuleni wakiona. Mwanyumba aliligeuza akaliangalia bati, akasema kona yake ina makali, akalipiga msasa. Linakaa vizuri zaidi. Inaniudhi.

Jumatatu, 22 Aprili

Sikulazwa usingizi. Walitia ganzi kiganja tu, wakaweka pazia. Dakika kama ishirini. Niliwasimulia habari ya bwana harusi wa kwenye lori, na daktari akaniomba nisimchekeshe akiwa ameshika kisu. Wameukata ule utepe mgumu wa juu, kichochoro kikapata nafasi. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana mwandiko umelewa.

Jumanne, 23 Aprili

Nimelala usiku mzima. Kidonda kinauma, lakini siafu hawapo. Nilikuwa nimewazoea kiasi kwamba niliamka kuwatafuta.

Jumamosi, 27 Aprili

Niko nyumbani. Kila jioni namuuliza mwanyumba leo wangapi, ananiambia, kisha nachukia. Leo ishirini na mbili. Nimeuliza anasimama wapi. Akasema sinki inavuja, kwa hiyo mlangoni.

Seremala aliyekaza kila bawaba ya nyumba yangu ameshindwa na sinki.

Jumatatu, 6 Mei

Nyuzi zimetolewa. Ganzi ya kidole cha kati imeondoka, ya dole gumba bado. Mama wa viungo anasema mshipa uliobanwa muda mrefu unarudi pole pole, na nyama labda itarudi yote, labda sehemu. Kukunja na kukunjua vidole kila saa. Mashine nyepesi baada ya wiki nne nyingine, kifundo kimenyooka. Nikamwonyesha kwa mkono wa kushoto: kimenyooka hivi? Akasema hivyo hivyo, nimejifunza wapi? Sikumwambia ni kwa nani. Kuhusu wembe akasema tusahau kwanza, tutaona mwisho wa mwaka. Nilipomuuliza kama shingo ya bata itarudi, akasema bata huyo amekufa.

Ijumaa, 10 Mei

Jua limetoka siku ya tatu mfululizo. Wamerudi kwao. Nyumba iko kimya, milango yote hailii.

Jumamosi, 11 Mei

Ndevu zangu zilikuwa zimefika wiki tatu. Nilijaribu kwa mkono wa kushoto nikajikwaruza kama mtu aliyepigana na paka. Nikatoka, nikaenda kazini.

Mwanyumba alikuwa mlangoni, kiti kitupu. Aliponiona akaanza kuhamisha vifaa vyake kwenda ndani, haraka, kama mpangaji aliyemwona mwenye nyumba. Nikamwambia aviache. Nikakaa. Kwa miaka ishirini na sita nimesimama nyuma ya kiti hicho, na sikujua kwamba ukikaa, kioo kinakuonyesha barabara nzima nyuma yako. Fundi Saa aliacha saa yake. Mwalimu Mstaafu alikuwa kwenye benchi na gazeti, akalishusha.

Nikamwambia mwanyumba, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba kuanzia leo kiti hiki anasimama yeye mpaka mkono wangu uwe na la kusema, na ikiwa hautasema, basi ni chake. Nilitaka liwe neno la ukarimu. Lilitoka kama jino.

Akapaka povu. Akanivuta shavu kwa dole gumba, na dole gumba lake lilikuwa linasikia kila kitu, nilijua kwa lilivyotulia. Nikangoja kosa. Nisamehewe, niliomba kosa. Hata dogo, hata unywele mmoja aubakize chini ya pua, nipate cha kwenda nacho nyumbani. Mashavu, kidevu, chini ya sikio pale pale. Wembe ulipita kama habari njema. Sikuusikia, na safari hii si kwa ganzi.

Alipomaliza akaniuliza, "Vipi, kaka?"

Nikapitisha vidole shingoni. Cha kati kilisikia ngozi laini, dole gumba halikusikia kitu bado. Barabara nzima ilikuwa inanitazama kwenye kioo.

"Hapa chini ya taya," nikasema. "Rudia."

Hapakuwa na kitu cha kurudia, na yeye alijua. Akapaka povu upya, akarudia.